Jina Moja, Maana Mbili: Amri Huchukua Maana Yake Wapi?

Kila askari aliyepata kulinda mpaka wa kaskazini-magharibi ya Uganda anajua kwamba amri fupi hushikika upesi. Lakini ufupi nao una hatari yake. Tuseme amri imeandikwa mjini Arua, nayo yasema: "Doria zikutane mpakani saa mbili asubuhi." Amri hiyo yapelekwa Koboko, na nakala yake yafikishwa kwa jirani zetu walioko Kaya, ng'ambo ya Oraba. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo saa mbili ya Koboko ni saa moja ya Kaya. Doria yetu itafika na kungoja saa nzima mahali pa wazi, ilhali wenzao wanajiona hawajachelewa hata dakika moja. Hali ni hiyo hiyo kule Vurra, kwa kuwa upande wa Aru, nchini Kongo, saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Hapo hakuna aliyeasi wala aliyezembea. Kosa limo katika swali ambalo halikuulizwa: je, neno lililomo katika amri huchukua maana ya mahali lilipoandikwa, au ya mahali linapotekelezwa?

Swali hili limewashughulisha pia wataalamu wa kompyuta. Mwaka 1958, katika chuo cha MIT nchini Marekani, John McCarthy alianza kuitunga Lisp, lugha ya kuiamrisha kompyuta. Katika lugha kama hiyo mtu huandika fungu la amri, akalipa jina, kisha fungu jingine likaliita lifanye kazi. Ndani ya mafungu hayo mna majina yanayobeba thamani, mathani jina SAA.

Sasa tuseme fungu moja limeandikwa mahali ambapo SAA ni saa ya Uganda, kisha likaitwa na fungu jingine ambamo SAA ni saa ya Kaya. Katika Lisp ya awali, mtambo ulishika orodha ya majina na thamani zake, ukaipekua kuanzia lile lililoingizwa mwisho. Kwa hiyo ulichukua saa ya Kaya, yaani ya yule aliyeita. Huku ndiko kufuata mwitaji. Njia ya pili ni kufuata mwandiko: fungu hutembea na maana za pale lilipoandikwa, mithili ya askari aendaye ugenini na barua ya mkuu wake mfukoni, na yeyote atakayemwita hawezi kuzibadili.

McCarthy mwenyewe amesimulia jinsi tatizo hili lilivyojitokeza. James Slagle aliandika programu ya Lisp yenye mafungu yaliyopeana kazi, akalalamika kwamba haikutoa jibu sahihi. McCarthy aliliona kuwa ni kasoro ndogo tu, akatumaini kwamba Steve Russell angeirekebisha upesi. Russell aliirekebisha kwa kulifunga fungu la amri pamoja na mazingira yake. Mwaka 1975 Gerald Sussman na Guy Steele walitunga Scheme, lugha ya jamii ya Lisp iliyofanya kufuata mwandiko kuwa kanuni yake. Common Lisp, iliyoelezwa katika kitabu cha Steele cha mwaka 1984, ilishika kanuni hiyo hiyo, ila iliruhusu majina maalumu yafuate mwitaji, mradi mwandishi ayatangaze wazi.

Ruhusa hiyo ina hekima yake, na askari wataitambua mara moja. Amri isemayo "mfungwa akabidhiwe mkuu wa kituo" haimtaji mtu aliyekuwa mkuu siku ile ilipoandikwa. Huenda amekwisha hamishwa au kustaafu. Yamtaja aliye mkuu sasa. Mkuu akienda likizo na kaimu akashika nafasi, amri zote zenye jina hilo humwelekea kaimu, na mkuu arejeapo, jina hurudi kwake bila kuandika upya waraka hata mmoja. Ndivyo majina maalumu ya Lisp yafanyavyo: hupewa thamani ya muda, na kazi ikiisha, thamani ya zamani hurejea.

Lakini yako majina yasiyofaa kuachwa yageuke hivyo. Tufikirie "Wilaya ya Arua". Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi mwaka 2005, ilipofanywa wilaya peke yake. Mwaka 2020 Arua ikapata hadhi ya jiji. Mpelelezi afunguapo jalada la mwaka 2003 na kusoma kwamba silaha ilikamatwa "wilayani Arua", akilisoma jina hilo kwa ramani ya leo, atatafuta mashahidi Arua, na Koboko hatafika. Jalada halikusema uongo. Shurti jina lake lisomwe kwa ramani ya siku lilipoandikwa, ama sivyo kesi itapotea na mwenye hatia ataachwa.

Basi kanuni ya wataalamu hao yatufaa hata sisi tusio na kompyuta mezani. Ushahidi, mipaka, tarehe na saa na vifuate mwandiko, na mwandishi aandike "saa mbili asubuhi, saa za Uganda", au "Wilaya ya Arua kama ilivyokuwa mwaka 2003". Vyeo na zamu na vifuate mtekelezaji, nao waraka useme hivyo waziwazi. Mwenye kuandika amri akiongeza maneno hayo machache, atamwondolea mwenzake wa Oraba saa nzima ya kungoja mpakani bila msaada.