Uhusiano mwema na nani, kwa lugha gani?

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotolewa, wazazi na walimu hunijia na swali lile lile: je, mtoto aliyefanya vyema katika lugha, lakini hesabu zikampiga chenga, akasomee nini chuoni? Siku hizi wengi huja na jibu lao mkononi, nalo ni kozi ya mawasiliano na uhusiano mwema. Wanachotaka ni niwathibitishie tu kwamba ina ajira. Mimi huwajibu kwamba ajira ipo, ila si ile wanayoifikiria, na kwamba chombo kikuu cha kazi hiyo kinaachwa kishike kutu katika vyuo vyetu. Chombo chenyewe ni Kiswahili.

Hebu tuanze na jina. Jina la Kiingereza la taaluma hii lina maneno mawili tu: uhusiano na umma. Sisi Wakenya tumezoea kusema 'uhusiano mwema', ilhali majirani zetu Watanzania husema 'mahusiano ya umma' au 'uhusiano' basi. Tazama tulichokifanya: tumemtoa umma nje ya jina, mahali pake tukauweka wema. Sina ugomvi na wema. Lakini afisa asiyeuona umma hata katika anwani ya ofisi yake hupesi kusahau ni nani anayepaswa kumsemesha, akadhani kazi yake ni kumpendeza mkurugenzi na kupanga viti siku ya sherehe.

Taaluma hii iliingia chuo kikuu mwaka 1923, wakati Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, alipoifundisha katika Chuo Kikuu cha New York na kuchapisha kitabu chake, Crystallizing Public Opinion. Bwana huyo ndiye aliyepanga mwaka 1929 wanawake waandamane jijini New York huku wakivuta sigara, ionekane kwamba wanadai uhuru, kumbe nyuma yao palikuwa na kampuni ya tumbaku. Kwa hivyo elimu hii ilizaliwa pamoja na pacha wake, hila, na hadi leo hawajatengana. Mwaka 2017 kampuni ya Uingereza iitwayo Bell Pottinger ilifukuzwa katika chama cha taaluma hiyo nchini mwake, kisha ikaporomoka, kwa sababu ya kampeni iliyochochea chuki za rangi huko Afrika Kusini kwa manufaa ya kampuni ya familia ya Gupta. Hapa kwetu chama cha wanataaluma hao, PRSK, kimekuwapo tangu 1971, na shahada yenyewe inapatikana katika vyuo kadhaa, vikiwamo Moi na Daystar.

Ajira ziko wapi basi? Benki, hospitali, vyuo, mashirika ya umma, mashirika ya misaada na kampuni za ushauri, zote huajiri. Hayo kila mtu anayajua. Kinachosahauliwa ni kwamba tangu mwaka 2013 tuna serikali 47 za kaunti, kila moja ikiwa na idara za maji, afya, kilimo na barabara, na kila idara ina mambo ya kuwaeleza wananchi. Isitoshe, kuwaeleza si hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza; kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 nayo inaitaka ofisi ya umma, inapotoa habari zake, izingatie lugha ya mahali pale. Mbunge anaweza kuisoma sheria hiyo akaiweka kando. Afisa wa uhusiano mwema hawezi, maadamu yeye ndiye anayelipwa kuitekeleza.

Sasa nije kwenye yale ninayoyaona darasani. Baadhi ya wanafunzi wa mawasiliano huja katika somo langu la isimu. Ni vijana werevu, wanaojua kuandika taarifa ya Kiingereza yenye kila kitu mahali pake. Muhula mmoja niliwapa zoezi. Niliwakumbusha kwamba mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu itokanayo na kuvu. Nikawaambia: jifanyeni maafisa wa habari katika eneo hilo, mwandike tangazo la Kiswahili la kusomwa redioni, lisizidi dakika moja.

Karibu wote walianza hivi: 'Serikali ingependa kuuarifu umma kwamba kumekuwa na ongezeko la viwango visivyokubalika vya aflatoksini.' Dakika ikaisha kabla hawajafika kwenye gunia la mahindi. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, lakini sentensi ilikuwa ya Kiingereza iliyovishwa kanzu. Mmoja tu, msichana ambaye mama yake huuza nafaka sokoni, aliandika kwa namna nyingine. Alisema mahindi yaliyoota kuvu yanaua. Kwamba kuyapika hakuiondoi sumu. Kwamba usimpe ng'ombe, kwani sumu hupita hata katika maziwa. Kwamba mahindi yakaushwe sawasawa kabla ya kuwekwa ghalani, na yakionekana mazuri kwa macho lakini yalihifadhiwa na unyevu, usiyaamini. Alitumia neno 'sumukuvu', ambalo hata asiyewahi kulisikia hulielewa papo hapo, kwa kuwa sumu anaijua na kuvu analijua. Akamalizia kwa kumwomba mtangazaji alitafsiri tangazo lote kwa Kikamba. Wenzake walimcheka kwamba ameandika kama anayezungumza na nyanya yake. Nikawauliza: na mahindi ya kule nyumbani huhifadhiwa na nani?

Ugumu hauko katika msamiati pekee. Sarufi ya Kiswahili ina mitego ambayo mwandishi wa taarifa za umma hana budi kuijua, ama kwa kuikwepa au kwa kumnasa anayeitumia vibaya. Mathalan, tuna kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Nikisema 'umeme umekatwa', msikilizaji ana haki ya kuuliza umekatwa na nani, na sarufi inaniruhusu kumjibu. Nikisema 'umeme umekatika', mlango umefungwa. Huwezi kusema 'umekatika na kampuni'. Mtendaji ametoweka bila kuaga. Chunguza taarifa za ofisi zetu uone jinsi vitu vinavyopenda kuharibika, kucheleweka na kuvurugika vyenyewe. Bomba likipasuka kwa uchakavu, 'limepasuka' ni neno la kweli. Likipasuliwa na tingatinga la mwenye kandarasi, neno lile lile ni uongo ambao hauna hata neno moja la uongo ndani yake. Wanafunzi hulishangaa jambo hili, kwani Kiingereza walichokisomea hakiwapi mnyambuliko wa namna hiyo.

Chukua pia ile sentensi iliyobandikwa kila mahali: 'Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote.' Huo 'wowote' una maana gani? Mama amesimama foleni ya maji tangu alfajiri, nawe unamwambia kwamba pengine upo usumbufu, pengine haupo. Kwa desturi zetu, aombaye radhi hulitaja kosa lake: tumewakosesha maji kwa siku tatu, tuwieni radhi, kesho jioni yatarudi. Ukiisikia ya namna hii, hata hasira yako hupungua kidogo. Ile ya 'wowote' huiongeza. Mtu akisoma miaka minne bila kuoneshwa tofauti hii, sijui amesomea uhusiano gani.

Najua nitaambiwa kwamba waajiri wa Nairobi wanataka Kiingereza. Ni kweli, na Kiingereza kizuri ni mali; simshauri mwanafunzi yeyote akiache. Ila taarifa fupi ya Kiingereza, iliyokuwa kazi ya kwanza ya kijana aliyeajiriwa karibuni, siku hizi huandikwa na programu za tarakilishi kwa dakika moja. Atakayetafutwa ni yule anayeweza kusimama mbele ya baraza la wananchi wenye hasira, au kukaa studioni na mtangazaji asiyembembeleza, akaeleza jambo zito kwa Kiswahili kisichotapatapa.

Wenzangu walimu wa shule za upili wanaweza kuanza kazi hii mapema. Insha ya tangazo, barua rasmi, hotuba na kumbukumbu za mkutano zimo katika silabasi, lakini aghalabu tunazifundisha kama mifupa ya kukariri: anwani hapa, tarehe pale, sahihi chini. Mpe mwanafunzi habari ya kweli ya kijijini kwake, kama vile zahanati isiyo na dawa, umwambie aandike taarifa ya mwenye zahanati, kisha aandike swali la mgonjwa. Huko vyuoni nako, idara za mawasiliano na idara za Kiswahili mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja tu, na bado kozi ya pamoja ya uandishi wa taarifa kwa Kiswahili ni adimu. Haihitaji jengo jipya wala mfadhili. Inahitaji wakuu wawili wa idara wakae pamoja alasiri moja.

Na mwanafunzi anayetafuta mahali pa mafunzo ya nyanjani, ajaribu ofisi ya mawasiliano ya kaunti yake kabla ya kukimbilia jijini. Huko ndiko atakakoambiwa saa mbili asubuhi kwamba mtaa mzima hauna maji, na kwamba redio ya eneo hilo inangoja maelezo saa mbili na nusu.