Mwezi, Mvua na Mtama: Kuhusu Kalenda ya Mababu Huko Kalehe

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja wa lisansi alinikabidhi rasimu ya kazi yake ya kumaliza masomo. Ndani yake aliandika kwamba mababu wa Kalehe walikuwa wakifanya ibada ya ardhi kila mwezi mpevu, na kwamba kijana anayetaka kurudi kwao hana budi kufanya vivyo hivyo. Nilimwuliza ameyapata wapi. Akajibu kwamba ndivyo isemwavyo.

Hayuko peke yake. Wapo vijana wengi, hapa Bukavu na kwingineko, wanaotafuta njia ya kurudi kwenye heshima ya ardhi na ya wazee waliozikwa ndani yake. Mwandishi wa makala haya hakusudii kuwabeza. Anakusudia kuonyesha tu kwamba njia hiyo inapitia katika kalenda, na kwamba kalenda ya mababu haikuwa nyepesi kama inavyodhaniwa.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, mwezi ni nuru ya usiku na pia ni kipimo cha siku. Ndivyo ilivyo katika lugha nyingi za ukoo wetu: Mnyarwanda akisema ukwezi anataja vyote viwili. Zaidi ya hayo, neno hili lilipanda hadi katika ufalme. Burundi ilikuwa na wafalme walioitwa Mwezi, na yule ajulikanaye kama Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908. Bushi nayo, jirani ya Buhavu upande wa kusini, ilitawaliwa na Mwezi Rutaganda wakati Wazungu walipoingia. Basi heshima ya mwezi haina shaka. Lakini heshima ya jina ni jambo moja, na sikukuu ya kila mwezi mpevu ni jambo jingine.

Hapa hesabu ndogo inatusaidia. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Baada ya miaka mitatu, anayehesabu miezi tu amekwisha kuachana na mvua kwa mwezi mzima au zaidi. Mkulima wa namna hiyo atapanda maharage yake katika vumbi la Agosti. Mababu walilijua hilo kwa tumbo kabla ya kulijua kwa kalamu, ndiyo maana hawakuuachia mwezi kazi yote. Waliangalia pia mvua, mimea, na nyota. Kiswahili chenyewe kimehifadhi ushahidi: lile kundi la nyota liitwalo Kilimia limepewa jina linalotokana na kitenzi kulima.

Mfano ulio bora zaidi uko ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Idjwi, ambacho wenyeji wake wengi ni Wahavu kama wale wa pwani ya Kalehe. Mwanahistoria David Newbury, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1970, ameeleza katika kitabu chake Kings and Clans (1991) sherehe ya kila mwaka iitwayo muganuro, yaani sherehe ya malimbuko. Mwami alipokea nafaka mpya, na koo mbalimbali zilikuwa na kazi zake katika shughuli hiyo, hata ikawa kwamba bila koo hizo mwami hawezi kuwa mwami. Bashi wana mubande wao. Rwanda ilikuwa na umuganura, na Burundi umuganuro, ambao ulihusu zaidi kupanda mtama kuliko kuuvuna.

Msomaji aone jambo hili: sherehe hizi hufuata nafaka. Mtama haujui tarehe. Huiva mapema au huchelewa kadiri ya mvua. Lazima mtu aseme kwamba sasa ndio wakati, na aaminiwe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha ibada ya ardhi katika nchi za Maziwa: ibada ilikuwa pia uamuzi wa pamoja juu ya wakati. Wabelgiji na wamisionari waliliona hilo haraka. Mwaka 1925 umuganura ulikomeshwa nchini Rwanda, na Gashamura, mkuu wa ibada hiyo, akahamishiwa Burundi kwa nguvu. Huko Burundi nako umuganuro ulikoma mwaka 1929. Rwanda imeirudisha sikukuu yake tangu mwaka 2011, nayo huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Ni jambo la kufurahisha; ila siku hizi anayeamua siku ni karatasi, si mtama.

Waswahili wa pwani walitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Kwa ibada ya dini walifuata mwezi; kwa kilimo na usafiri wa bahari walishika mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na siku tano za kufungia. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, unaofanyika mwezi wa Julai, ni wa kalenda hiyo.

Je, hapa Kalehe hakuna basi kazi inayoufuata mwezi barabara? Ipo, nayo inachekesha kidogo. Ni uvuvi wa sambaza. Wavuvi huunganisha mitumbwi, huwasha taa juu ya maji na kuwavuta samaki wavuni. Mbalamwezi ikiangaza, taa hazina nguvu tena, na wavuvi hupumzika hadi giza lirudi. Hakuna ibada inayotii mwezi kwa ukali kuliko hiyo. Lakini sambaza si samaki wa mababu: aliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tatizo letu sisi walimu wa lugha ni jingine. Vitabu tunavyofundishia vimejaa masika, vuli, kaskazi na kusi, maneno yaliyozaliwa na pepo za Bahari ya Hindi. Mtu wa Kalehe husema kipwa na mvua, na wasemao Kinyarwanda hutofautisha itumba, impeshyi, umuhindo na urugaryi. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilipobomoa Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Nilipokwenda kuomboleza, wazee walijadiliana kama mvua ile ilikuwa ya mwezi wake au la. Nilifahamu kila neno la sarufi yao, na nusu ya majina ya nyakati sikuyafahamu. Bibi yangu mzaa mama aliyajua, sikumwuliza.

Mwanafunzi wangu nimemrudishia rasimu, nikamtuma kwao akaandike majina ya miezi ya Kihavu kutoka kwa wazee. Amerudi na majina tisa, na wazee wawili ambao hawapatani juu ya mahali mwaka unapoanzia.