Unataka PC ya Gemu na Mfuko Umekauka? Angalia Boksi Kabla ya Kadi

Wasee wa gemu, hii ni yenu.

Mwaka jana nilitoka Luthuli Avenue nimebeba mashini ya ofisi begani, najiona tajiri. Dell OptiPlex, i5, bei poa. Wiki iliyofuata nikashika kadi ya grafiksi kwa jamaa wa mtaa. Kubwa, feni mbili, safi kabisa. Kufika kejani, kadi haingii. Boksi ni ile nyembamba. Na hata ingeingia, ilikuwa inaitisha waya wa stima wa pini 6, na pawa saplai yangu haina. Doh ya miezi minne ikabaki hapo kwa meza ikiniangalia. Niliiuza na nikala hasara.

Hakuna mtu alinidanganya. Nilianza tu na kitu ya mwisho. Hii ndio form.

Mbona mashini ya ofisi?

Ofisi za ng'ambo zikibadilisha kompyuta, za zamani zinaletwa huku. Ndizo tunaitanga ex-UK. Unapata prosesa, RAM, boksi na pawa saplai kwa mpigo mmoja. Inabaki kadi tu.

Soma namba ya prosesa

i5-4570 ni gen 4. i5-6500 ni gen 6. i5-8500 ni gen 8. Angalia ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Gen 4 inatumia RAM ya DDR3, lakini OptiPlex nyingi za gen 6 na 8 ni DDR4, na hizo mbili haziingiliani. Pia, i5-6500 iko na kore 4 lakini i5-8500 iko na 6.

Kuna ingine. Microsoft ilifunga sapoti ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel gen 8 kwenda juu. Valorant ukiicheza kwa Windows 11 inaitisha TPM 2.0 na Secure Boot. Kama wewe ni wa GTA V, gen 6 itakubeba. Kama ni Valorant, vumilia, ongeza doh ushike gen 8.

Pima boksi, angalia pawa

Hizi mashini zinakujanga saizi tatu. Ile tawa inameza kadi ya kimo cha kawaida, lakini bado pima urefu ndani. Ile nyembamba inakubali kadi fupi pekee, zile zinaitwa low profile. Ile ndogo kama kitabu haina nafasi ya kadi, wachana nayo.

Sasa stima. Sloti ya kadi inatoa hadi wati 75. Kwa hivyo tafuta kadi inayotosheka na hizo. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zote ni za wati 75, GB 4, na ziko na matoleo ya low profile. Lakini chunga, kuna 1650 zingine zinakuja na tundu la pini 6. Na usijiambie utabadilisha pawa saplai baadaye. Mashini nyingi za Dell na HP zinatumia plagi zao wenyewe, ya kawaida haishiki.

Usiuziwe feki

Kuna kadi za kitambo zimebadilishwa programu ndani ndio zijiite 1050 Ti. Chipu ya 1050 Ti ya ukweli haitoi picha ya VGA. Ukiona lile tundu la bluu la VGA, toroka. Mwambie muuzaji aichomeke, afungue GPU-Z, ile programu ya bure ya kukagua kadi, halafu acheze gemu dakika 15 mkiangalia. Akikataa, rudisha ganji mfukoni.

Umalizie hivi

Nunua SSD, lakini ujue GTA V pekee inameza zaidi ya GB 100, so ile ya 240 itajaa haraka. Hadi disk ya zamani iache ndani, weka muvi huko. RAM, chukua mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, zikifanya kazi pamoja gemu inakuwa smooth. Na tafadhali, waya wa monita uende kwa kadi, si kwa tundu la zamani la mashini. Wasee wengi wamelia bure juu ya hiyo.

Raundi ya pili nilinunua tawa, nikapima ndani na rula ya fundi, ndio nikatafuta 1650. Boksi bado inakaa ya karani wa benki, lakini jioni mbogi inapanga laini kwangu.

Kabla utume M-Pesa, uliza maswali matatu: boksi ni saizi gani, kadi inataka waya, na naweza kuiona ikiwaka?