Ukipotea gizani, rudi kwenye uzi mtupu



Dominika hii naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu tafakari ya leo ilizaliwa ndani ya kosa hilo. Lilitokea usiku wa Mkesha wa Pasaka, miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikihudumu upande wa Bweri, pale Musoma, si mbali na stendi ya mabasi.

Kwaya yetu ilikuwa imepata gitaa la besi lililokwishatumika. Sauti yake ilikuwa nzuri, ila fundi mmoja alikuwa ameipaka shingo yake rangi nyeusi, na alama zote zikafunikwa. Kwa msomaji ambaye hajawahi kulishika, besi ya kawaida ina nyuzi nne, na shingo yake imekatizwa na vyuma vyembamba ambavyo wapigaji huviita freti. Kila freti ni nusu sauti. Ili mpigaji asipotee, watengenezaji huweka vidoto kwenye freti ya 3, ya 5, ya 7 na ya 9, kisha vidoto viwili kwenye ya 12, mahali ambapo uzi umegawanyika katikati na sauti ya mwanzo inarudi ile ile, ila ya juu. Vidoto vingine huwekwa ubavuni mwa shingo, ili mpigaji avione kwa kuinamisha macho tu.

Nilijifunza kinanda kidogo nikiwa seminarini. Kinanda kina huruma: vibonyezo vyake vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, hivyo jicho linajua mara moja mkono uko wapi. Besi haina huruma hiyo. Ukiondoa vidoto, freti ya 4 na ya 6 zinafanana kama mapacha.

Mpigaji wetu, kijana wa miaka kama ishirini, alikata vipande vya plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, akavibandika ubavuni mwa shingo. Sote tulimsifu kwa akili yake. Kwaresima nzima alifanya mazoezi huku macho yake yakiwa kwenye plasta zile, na wimbo wa Utukufu akawa anaupiga bila kosa.

Unajua Mkesha wa Pasaka unavyoanza. Taa zinazimwa, moto mpya unabarikiwa nje, Mshumaa wa Pasaka unaingia katika kanisa lenye giza. Pale kwetu tulikuwa na desturi ya kuliacha giza lile mpaka Utukufu. Baada ya Mbiu ya Pasaka waamini walizima mishumaa yao, tukasikiliza masomo kwa taa moja ndogo ya mimbari. Tena tangu Alhamisi Kuu vyombo vya muziki vilikuwa vimenyamaza, na Utukufu ndio ulipaswa kuvirudisha pamoja na kengele na taa zote kwa mpigo.

Usiku ule aliyekuwa kwenye swichi alichelewa. Nilianzisha Utukufu, kengele zikalia, kinanda kikaingia, na besi ikaingia gizani. Plasta hazikuonekana. Mkono wa kijana ulitua freti moja kando.

Freti moja ni kitu kidogo, upana wa vidole viwili hivi. Lakini katika muziki nusu sauti ndiyo kosa linaloumiza sikio kuliko mengi. Kijana alisikia kwamba kuna kitu kimeharibika, lakini hakujua aende mbele au arudi nyuma. Akaendelea vivyo hivyo, kando ya wimbo, mpaka taa zikawaka. Baadhi ya watu walikuwa wanacheka. Yeye aliacha kupiga.

Baada ya Misa, sakristiani, mbele ya wenzake, nilimwambia kwamba kama hawezi kupiga asituharibie Pasaka. Alijibu maneno mawili tu: “Samahani, Baba.” Akaliegemeza gitaa ukutani, akatoka. Dominika tatu zikapita bila besi na bila yeye.

Katika kwaya alikuwepo mzee mmoja ambaye ujana wake aliumalizia kwenye bendi za dansi. Siku moja aliingia ofisini kwangu na lile gitaa mkononi. “Baba Paroko,” akasema, “yule mtoto hana kosa. Alifundishwa kutazama, hakufundishwa kusikia.” Kisha, mbele ya macho yangu, akazibandua plasta zote, moja baada ya nyingine, akaniwekea gitaa mapajani. “Fumba macho, Baba.”

Nilifumba. Akanifundisha mambo manne, nami nakupa kama nilivyopewa.

La kwanza, uzi mtupu. Piga uzi bila kubonyeza mahali popote. Nyuzi za besi kuanzia ule mnene zinaitwa E, A, D na G, na zikipigwa tupu zinatoa sauti zake bila kuhitaji jicho. “Hapo hupotei,” mzee akasema. “Ukipotea kokote, ngoja wimbo upite kwenye sauti ya uzi mtupu, ingia hapo. Hapo ni nyumbani.”

La pili, jirani. Bonyeza freti ya 5 ya uzi mnene, utapata sauti ile ile ya uzi wa pili ukiwa mtupu. Freti ya 5 ya uzi wa pili inakupa uzi wa tatu, na ya uzi wa tatu inakupa wa nne. Piga zote mbili pamoja. Zikipatana zinakuwa sauti moja iliyotulia. Zikipishana kidogo, zinatetemeka. Kwa hiyo jirani yako anakuambia ulipo, hata gizani.

La tatu, umbo la mkono. Kutoka sauti yoyote, vuka nyuzi mbili na usogee freti mbili mbele, utaikuta sauti ile ile ikiwa ya juu. Umbo hilo halibadiliki popote kwenye shingo. Mkono ukilizoea, unalibeba kama mama anavyobeba njia ya kwenda kisimani.

La nne ndilo lililonichoma. “Imba kwanza moyoni, kidole kifuate. Na ukikosea, usikimbie. Sahihi haiko mbali. Iko freti moja tu, mbele au nyuma. Teleza, utaikuta.”

Nilifumbua macho. Kijana yule alikuwa amekosea kwa freti moja. Mimi nilimfukuza kwa umbali wa Dominika tatu.

Mpendwa msomaji, alama si adui. Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951 huko Marekani, aliiita Precision, yaani usahihi, kwa sababu freti zake zilimhakikishia mpigaji sauti sahihi, tofauti na lile besi kubwa la kusimama lenye shingo tupu. Ni zawadi njema. Lakini kule Zanzibar, katika vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, wapigaji wa udi na fidla hawana freti hata moja, na bado wanatua pale pale. Hapa kwetu Mara, litungu la ndugu zetu Wakurya halina hata shingo ya kubonyeza: kila uzi unapigwa mtupu. Sikio lilikuwepo kabla ya kidoto. Kidoto kilikuja kulisaidia, hakikuja kukaa mahali pake.

Ndivyo ilivyo imani yetu. Wengi wetu tulilelewa kwa alama. Mama alikuamsha kwenda Misa ya kwanza. Katekista alikuuliza maswali. Jumuiya Ndogo Ndogo ilipita nyumbani kwako na kukuita kwa jina. Ulikuwa na mwenzi wa ndoa wa kusali naye, kazi iliyokupa ratiba, afya iliyokupeleka kanisani kwa miguu. Kisha siku moja mama akazikwa. Ukahamia mji mgeni. Ndoa ikatikisika, kazi ikaisha, ugonjwa ukaingia. Taa zimezimwa, plasta hazionekani, na wimbo umeshaanza. Hapo ndipo watu husema, “Padri, nimepoteza imani.” Mara nyingi hawajaipoteza. Wamepoteza alama.

Nabii Isaya (30:21) hakuwaahidi watu wa Mungu kwamba wataona kibao kila njiapanda. Aliwaambia kwamba masikio yao yatasikia neno nyuma yao likiwaonyesha njia, wakigeuka kuume au kushoto. Ni sikio. Naye Mtume Paulo (2 Kor 5:7) anatukumbusha kwamba tunaenenda kwa imani, si kwa kuona. Hata Tomaso aliyedai alama, Bwana hakumfukuza. Alimpa alizoomba, kisha akawaita wenye heri wale wasioona wakasadiki (Yn 20:29).

Basi ukipotea, rudi kwenye uzi mtupu. Kwa Mkristo, uzi mtupu ni ile sauti ambayo hukuitengeneza mwenyewe: Ubatizo wako, Baba Yetu, Ishara ya Msalaba uliyofundishwa kabla hujajua kuandika. Usianze na sala ndefu. Piga uzi mmoja. Kisha msikilize jirani, yule mwana jumuiya ambaye moyo wake umetulia, uone kama sauti yako inapatana na yake au inatetemeka. Na ukigundua umekosea, usiukimbie wimbo. Nyumbani ni freti moja tu.

Jioni ile ile nilikwenda kumtafuta kijana. Niliambiwa anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Nilivaa fulana ya kawaida, bila kola ya upadri. Sijafika mbali, mpiga debe akanishika mkono: “Mwanza hiyo, mzee, siti ya mwisho!” Mwingine akanivuta upande wa basi la Arusha. Hakuna aliyeniita Baba. Nilijiona nami nimebanduliwa plasta zangu, sina joho, sina mimbari, sina kiti cha mbele. Nilikuwa mzee mmoja tu mwenye kosa, anayetafuta mtu.

Alipaswa kuniona nikija nikiwa bado mbali, kama yule baba wa Injili ya Luka aliyekimbia kumlaki mwanawe. Mimi ninayeitwa Baba nilichelewa wiki tatu. Nilimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa. “Shikamoo, Baba,” akasema, akasimama. Nilimwambia, “Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuaibisha mbele ya watu, nami nitaomba radhi mbele ya watu hao hao.” Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, “Gitaa bado lina plasta?” Nikamjibu, “Mzee amezibandua zote.” Akacheka kidogo. “Basi itabidi nianze upya.” Nikamwambia, “Na mimi pia.”

Niliomba radhi kwenye mazoezi ya kwaya ya Alhamisi. Mzee akamfundisha kijana jioni baada ya jioni, kanisani, taa zikiwa zimezimwa. Dominika ya Pentekoste alirudi mahali pake. Katikati ya Utukufu mkono wake ulitua vibaya. Nilisikia, kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Hakuangalia shingo, hakusimama. Aliteleza freti moja nyuma, akaendelea. Sidhani kama kuna mwingine aliyetambua.

Wiki hii, mpendwa msomaji, mkumbuke mtu mmoja aliyekosea kwa freti moja nawe ukamfukuza kwa kilomita. Huenda ni mtoto wako, mkwe wako, mwana kwaya mwenzako. Usingoje awe na alama za kurudia. Nenda mpaka stendi yake. Na kama ni wewe uliye gizani, usiogope wimbo ulioanza bila wewe. Sikiliza, ngoja sauti ya nyumbani ipite, kisha uingie.

Nawatakia Dominika njema.