Samaki wanapokataa kula bwawani: mfugaji achunguze maji kabla ya chakula

Mfugaji hufika bwawani asubuhi na ndoo yake ya pumba, humwaga mahali palepale pa kila siku, kisha husubiri kuona samaki wakigombea. Maji hubaki yametulia. Pumba huelea kitambo, hulowa na kuzama. Kesho yake huongeza kipimo, akiamini kwamba wingi wa chakula utawavuta. Wiki mbili baadaye maji yananuka, samaki wachache wanaelea wakiwa wamekufa, na fedha ya chakula imelala topeni. Kwa kuwa chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji wa samaki, hasara hiyo huweza kumkatisha tamaa mfugaji akafukia bwawa lake.

Sato na perege, ambao ndio wanaofugwa zaidi katika mabwawa ya vijijini, si samaki wachaguzi. Hula mwani, wadudu wa majini, pumba, mashudu na hata majani laini. Ni wa ukoo mmoja na wale samaki wadogo wa rangi za kupendeza wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ambao hufugwa kwa mapambo katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, na wafugaji wa huko nao husumbuliwa na samaki anayesusa chakula. Iwe ni tangi la sebuleni au bwawa la shambani, samaki wa ukoo huu akiacha kula, mara nyingi kuna jambo lililobadilika mahali anapoishi.

Jambo la kwanza ni joto la maji. Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata maji. Sato hula vizuri zaidi maji yakiwa na nyuzijoto 26 hadi 30 za Sentigredi. Yakishuka chini ya 20, hamu yake hupungua sana, na yakikaribia 16 karibu huacha kabisa kula. Katika kata za miinuko ya Nyanda za Juu Kusini, miezi ya Juni hadi Agosti huleta hali hiyo, na mfugaji anayemwaga chakula saa 12 asubuhi wakati ukungu bado umetanda anawalisha matope. Chakula kitolewe jua likiwa limepasha maji, yaani kuanzia saa 4 asubuhi, na tena saa 10 jioni. Katika siku za baridi kali, mlo mmoja mdogo wa mchana unatosha.

Jambo la pili ni hewa ya oksijeni iliyomo majini, na hapa ndipo wengi hupotea. Mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana kwa msaada wa jua, lakini usiku nao huitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo oksijeni huwa ndogo kuliko nyakati zote karibu na mapambazuko. Samaki wanaoonekana alfajiri wakiwa juu ya maji, midomo wazi, hudhaniwa kuwa na njaa. La hasha, wanatafuta pumzi. Kuwamwagia chakula wakati huo ni kuwaongezea tatizo, kwani chakula kisicholiwa huoza, na kuoza nako hula oksijeni. Kinachotakiwa ni kuingiza maji mapya, kusimamisha chakula na samadi kwa siku kadhaa, na kuwatazama.

Kipimo cha ukijani hakihitaji fedha. Mfugaji huingiza mkono wima majini akitazama kiganja chake. Kiganja kikitoweka machoni maji yakiwa yamekaribia kiwiko, hali ni nzuri. Kikitoweka maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi na samadi isimame. Kikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, rutuba ni ndogo. Ikumbukwe pia kwamba samaki walio katika maji yenye ukijani wa kutosha hupata sehemu ya chakula chao humo, hivyo wakati mwingine wanaosemekana wamegoma huwa wameshiba tu.

Vifaranga wapya wana sababu zao. Wametoka safari ndefu ndani ya mfuko, na maji ya bwawa ni mageni kwao. Mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 30 kabla ya kufunguliwa, kisha maji ya bwawa yaingizwe humo kidogo kidogo hadi vifaranga watoke wenyewe. Siku ya kwanza wasilishwe. Baada ya hapo wapewe chakula kilichosagwa kama unga, kwani punje kubwa haiingii katika mdomo wa kifaranga, hata kama ni chakula cha bei ghali. Mfugaji anayehama kutoka pumba kwenda chakula cha punje zinazoelea avichanganye kwa wiki moja, akipunguza pumba siku hadi siku.

Majike nao hususa kwa sababu ya uzazi. Jike la sato huhifadhi mayai na watoto wake kinywani, na kwa muda wa siku 10 hadi 14 huwa halili au hula kidogo mno. Bwawa lenye majike wengi waliopevuka huonekana kama limepoteza hamu ya kula, na muda si mrefu hujaa samaki wadogo wasiokua. Ndiyo maana wataalamu hushauri vifaranga wa jinsia moja, madume.

Chakula chenyewe kisisahaulike. Pumba zilizovunda au zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na hazifai kwa samaki kama zisivyofaa kwa kuku. Magunia yawekwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta na mvua.

Kuhusu kiasi, samaki 500 wenye wastani wa gramu 100 wana uzito wa kilo 50. Kwa asilimia 3 ya uzito huo, mahitaji yao ni kilo 1 na nusu kwa siku, yaani gramu 750 asubuhi na nyingine jioni. Wastani hupatikana kwa kuvua samaki wachache kila mwezi na kuwapima kwenye mizani. Chakula kimwagwe ndani ya fremu ya mianzi inayoelea, mahali pamoja kila siku. Kinachobaki baada ya dakika 15 ndicho kilichozidi, na mlo unaofuata upunguzwe.

Endapo samaki hawatarudi kula baada ya siku tatu za maji mapya na hali nzuri ya joto, au wakionekana na vidonda, macho yaliyovimba au kuogelea ubavu, mfugaji asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Atoe taarifa kwa Afisa Uvuvi kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, akieleza siku tatizo lilipoanza, rangi ya maji, aina ya chakula na idadi ya samaki waliokufa. Samaki aliyekufa muda mfupi uliopita, akiwekwa kwenye mfuko wenye barafu, humsaidia afisa kuliko aliyeanza kuoza.