Je, Wajua? Kifaru cha Kwanza cha Rimoti

Modeli ya kwanza ya Tamiya, kampuni ya Japani, kuongozwa kwa redio haikuwa gari la mashindano. Ilikuwa kifaru: Sherman ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1974 kwa kipimo cha 1:16.

Kipimo hicho bado kinapendwa. Tiger ya Ujerumani, yenye urefu wa takriban mita 8.4 pamoja na mzinga wake, hushuka hadi sentimita 53 hivi, ukubwa unaotosha kupanda mizizi ya miti bustanini.

Anayeanza ana njia mbili. Tamiya huuza vipande vya kuunganisha mwenyewe, kazi ya jioni nyingi na kwa bei ya kutisha. Heng Long ya China huuza kifaru kilichokwisha kuundwa, chenye sauti, moshi na hata risasi za plastiki za milimita 6. Miwani ya kukinga macho ni lazima!

Lakini siri iko tumboni. Kifaru hakina usukani. Hukata kona kwa mnyororo mmoja kwenda kasi kuliko mwenzake, na mzigo wote huo huangukia giaboksi. Meno ya plastiki husagika mapema, na kufunga minyororo mizito ya chuma juu yake huharakisha tu uharibifu.