Kasri Liliteketea, Bustani Ingali Pale

Ukibahatika kufika jijini Paris, na mfuko ukaanza kulia kwa bei za vyakula na vyumba, usijifungie hotelini. Ipo bustani ya wafalme ambayo hutaitishwa hata senti moja langoni. Inaitwa Tuileries. Iko katikati ya jiji kando ya mto Seine, baina ya jumba la makumbusho la Louvre na uwanja wa Concorde, na ukubwa wake ni zaidi ya hekta 20. Shuka gari moshi la chini ya ardhi katika kituo chenye jina hilo hilo, panda ngazi, nawe umefika.

Kasri lenyewe hutaliona. Usidhani umepotea njia. Malkia Catherine de' Medici, mjane wa Mfalme Henri wa Pili, alianza kulijenga mwaka wa 1564 mahali palipokuwa na matanuri ya vigae vya kuezekea, na ndipo lilipotoka jina Tuileries. Mnamo Mei 1871, wakati wa uasi wa Komuni ya Paris, lilitiwa moto. Magofu yalibomolewa mwaka wa 1883. Wenye nyumba hawapo, nyumba haipo, ua ndio uliosalia.

Ua huo ulipangwa upya kuanzia 1664 na André Le Nôtre, ambaye baba na babu yake walikuwa watunza bustani papo hapo. Bwana huyu alijua kuyalaghai macho. Kidimbwi cha pembe nane, kilicho mwisho wa bustani, alikifanya kikubwa kuliko kile cha duara kilicho karibu, ili mfalme akichungulia dirishani kisionekane kimesinyaa kwa umbali.

Lakini kisa ambacho ningependa ukijue, hasa ukiwa umeandamana na watoto, ni cha Charles Perrault. Huyu ndiye aliyechapisha hadithi ya Cinderella mwaka wa 1697, yule msichana wa kiatu cha kioo. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa Colbert, waziri wa fedha wa Mfalme Louis wa 14. Bustani ilipokwisha kutengenezwa, Colbert alitaka malango yafungwe, isikanyagwe na mtu ila mfalme. Alisema wanaokuja ni wavivu tu.

Perrault hakunyamaza. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, alimweleza waziri kwamba wagonjwa waliopata nafuu huja hapo kupunga hewa, na wengine huja kuzungumzia biashara na mambo ya ndoa. Alisema hata watoto wadogo hawathubutu kugusa ua. Colbert akawageukia watunza bustani waliokuwa mbele yake, akawauliza iwapo watu huharibu. Wakajibu la, hawaharibu kitu. Malango yakabaki wazi. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu askari, watumishi na waliovaa matambara walifukuzwa mlangoni, lakini bila ya maneno yale pengine hata wewe ungekuwa ukichungulia kwenye vyuma vya ua. Itafute sanamu ya Perrault humo bustanini. Watoto wataitambua kwa paka aliyevaa buti.

Bustani hii imeona pia machozi. Asubuhi ya Agosti 10, 1792, umati ukijiandaa kulivamia kasri, Mfalme Louis wa 16, mkewe Marie Antoinette na watoto wao waliivuka kwa miguu wakikimbilia Bunge. Majani yalikuwa yamepukutika mapema mwaka huo, na mwana wa mfalme, mwenye umri wa miaka 7, alikuwa akiyapiga mateke njiani kama mtoto yeyote. Mamia ya walinzi wa Kiswisi waliuawa siku hiyo. Miezi 15 haikupita kabla ya wazazi wake wote wawili kukatwa vichwa. Yeye mwenyewe alifia kifungoni mwaka wa 1795.

Hapa ndipo Jacques Charles na mwenzake Robert waliporuka kwa puto la haidrojeni Desemba 1, 1783. Ndiyo maana mwaka wa 2024, Paris ilipoandaa Olimpiki, mwenge uliwekwa humu humu ukiwa umening'inizwa kwenye puto.

Kama wapenda picha, jumba la Orangerie lililo pembeni lina maua ya maji ya Claude Monet. Huko utalipa, na Jumanne hufungwa. La sivyo, beba mkate na matunda, vuta kiti kimojawapo cha chuma cha kijani, uketi kando ya kidimbwi. Viatu vyeusi viache, vumbi la njia zile ni jeupe kama unga. Pochi ishike mkononi, kwani wezi wa mifukoni hawakosekani. Na jioni ukisikia vipenga, usidhani kuna mechi: ni walinzi wanakuharakisha utoke kabla ya malango kufungwa.